Siku Binti Yangu Alipofunga Puli ya Chuma

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, mjane wa siku arubaini na moja, ndani ya nyumba, nyuma ya pazia. Binti yangu, mtoto wangu wa pili, uani, mikono mitupu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, aliyetoka Mahajanga na gari lake kuja kusoma hitima ya arubaini. Wifi yangu, dada yao hao wawili, aliyekaa nami tangu siku ya maziko ili nisikalie eda peke yangu. Mwana wa wifi yangu, mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake Mahajanga na kuuza simu za mkono sokoni. Na jirani yetu wa uwa wa pili, mama wa Kisakalava, kabila la wenyeji, mwenye kuku.

Basi, sita. Majina yote ninayo, na ya baba zao, na ya bibi zao, hata kuku wawili wa jirani walikuwa na majina na ninayakumbuka. Lakini nimeombwa nisiyaandike, nami naona ni sawa. Wengine wamekufa, na maiti ukimtaja hana njia ya kukujibu.

Mambo haya yalitokea kisiwani Nosy Be, mjini Andoany. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina. Baba yangu aliuza vitambaa, na Kiswahili hiki nimekipata kwake na kwa mwalimu wa chuoni. Shule nyingine sikuiona. Nyumbani tulisema Kikomoro, nje Kimalagasi, kwa hiyo maneno mtakayoyasoma hapa yalisemwa kwa lugha hizo mbili zikipandana, mimi nimeyageuza tu. Mwishoni mwa miaka ya sabini wengi wetu tuliondoka Mahajanga, kila mtu na njia yake. Mimi na mume wangu tulishika njia ya Nosy Be na watoto wawili na cherehani ya miguu. Yeye alipata kazi ya kutengeneza malori ya miwa. Baadaye akajenga banda la bati nyuma ya nyumba, akawa fundi magari wake mwenyewe. Mimi nikatarizi vitambaa vya meza, vile vyeupe vya matundu wanavyovipenda wageni.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, hakupenda grisi. Alikwenda ng'ambo. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa akitoka chuoni na kuingia moja kwa moja chini ya gari, hata juzuu hajaiweka mahali pake. Nilimpiga kwa hilo, nasema kweli. Nikimfulia nguo zake maji yanakuwa kama ya pweza. Baba yake akaniambia, "Mwache. Ana sikio." Na sikio alikuwa nalo. Gari likipita njiani, angekwambia lina maradhi gani kabla halijafika msikitini.

Sasa sikilizeni desturi, maana bila hiyo hamtanielewa. Katika ukoo wetu nyumba ni ya binti. Hilo halina mjadala, na banda lilikuwa uani, kwa hiyo nalo ni lake. Shekhe alikuja akagawa vinavyogawika, kila mtu akaridhika. Lakini sanduku la vyombo vya kazi vya mwanamume, hilo kwetu haligawiwi wala halikai na nyumba. Linarudi kwa ndugu zake wa kiume, na kaka mkubwa humkabidhi mtoto wa kiume wa dada yao. Ndivyo ilivyofanywa kwa baba mkwe wangu aliyekuwa seremala, na kwa baba yake.

Kwa hiyo shemeji yangu alikuja kwa mambo mawili: hitima, na sanduku.

Lilikuwa sanduku kubwa la chuma, la rangi ya kijani, trei tatu ndani yake. Wanaume wawili hulibeba kwa kusimama njiani. Bila sanduku lile, banda la binti yangu lilikuwa kivuli cha bati. Spana mpya za kufungulia gari zima angezipata wapi? Alikuwa na miaka ishirini na minane, anajua kazi yote, na asubuhi ile alisimama akitazama baba yake mkubwa na binamu yake wakilifunga sanduku kwa kamba juu ya gari. Angesema nini? Desturi ile ile iliyompa nyumba ndiyo iliyokuwa ikichukua sanduku.

Nilikuwa nikiona yote. Dirisha la chumba changu lilitazama uani, nami nilitundika pale pazia nililolitarizi mwenyewe, na kwa matundu yale unaona vizuri kuliko wanavyodhani watu. Mjane wa eda hatoki nje kukiwa na wanaume wasio maharimu wake, na shemeji si maharimu. Wala sauti yangu haikupasa kusikika uani. Nilikaa kwenye kiti na kastabini kidoleni, nashona.

Pantoni ya kurudi Antsahampano, bandari ya upande wa bara, ilisubiri maji yajae baada ya adhuhuri. Ikiondoka hiyo, nyingine ni kesho. Shemeji akaaga kupitia pazia, akanitakia subira, akaingia garini. Uwa wetu ni mwembamba. Kutoka langoni inabidi ukate usukani hadi mwisho, urudi nyuma kidogo, ukate tena.

Akakata usukani. Gari likalia mlio mrefu, kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, halafu kwaa! Vipande vyeusi vikamwagika chini ya injini. Taa nyekundu ikawaka mbele yake. Shemeji akashika usukani kwa mikono yote miwili, hauendi.

"Umekuwa jiwe!" akasema. "Umekufa huu!"

Binti yangu alikwisha kupiga magoti anaokota vipande. "Baba Mkubwa, mlio huu ulianza lini?"

"Tangu Ambanja, kabla sijavuka," akasema shemeji. "Kila nikikata kona."

"Siku tano zilizopita! Kwa nini hukusema?"

Hapo mzee wa watu akaona haya. Alikuwa mtu mwenye adabu kupita kiasi. "Nije kwenye msiba wa fundi," akasema, "niwafungulie boneti uani? Watu waseme nimekuja msibani kula na kutengenezewa gari bure?"

Wifi yangu, aliyekuwa jikoni ya nje na sufuria ya uji, akasema, "Kaka, hiyo aibu yako itakulaza barabarani siku moja."

"Nifungue, Baba Mkubwa?" akauliza binti yangu.

Shemeji akamtazama, akamtazama mpwa wake. "Ngoja kwanza. Kuna mwanamume hapa."

Neno lile lilinichoma pale nilipokaa. Sindano ikaingia pembeni ya kastabini.

Basi mpwa akajitokeza. Nitamsema kwa haki: alikuwa na moyo mzuri, na mcheshi. Yeye na binti yangu ni mtoto wa kike wa kaka na mtoto wa kiume wa dada, kwetu hao wanataniana toka utotoni. Alimwita mchumba, naye akamwita mzigo. Akazunguka gari akitafuta komeo la kufungulia boneti.

"Liko chini ya usukani, mzigo," akasema binti yangu. "Hilo ulilolivuta ni la kiti."

Boneti likafunguka. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Injini ile ina mkanda mmoja mrefu wa mpira, unaozungushwa na puli kubwa ya chini, gurudumu linaloshika mkanda. Mkanda huo unazungusha kile kinachotia betri moto, na unazungusha pampu inayosaidia usukani kuwa mwepesi. Puli ya pampu hiyo ilikuwa ya plastiki. Ilikuwa imezeeka, imepauka kwa joto, ikapasuka. Mkanda ukabaki unaning'inia. Mahajanga ni safari ya siku mbili, na gari lisilokata kona wala lisilochaji betri halifiki hata Ambanja.

Wakamwita fundi mmoja wa mjini. Akaja, akatazama, akatikisa kichwa. Puli kama ile ni ya kuagiza, akasema, mpaka ng'ambo, ipitie mji mkuu, wiki tatu, labda nne. Akanywa uji wa wifi yangu akaenda zake.

"Wiki nne za nini?" akasema mpwa. "Mimi nina gundi. Hii ninagandishia vioo vya simu. Hata meli unagandisha."

Akaketi kwenye mkeka akaunganisha vipande kimoja kimoja, ulimi nje. Akaurudisha ukingo mahali pake, akauzungushia waya, akavalisha mkanda. Kazi ilipendeza machoni, siwezi kukataa. Binti yangu akasema, "Izungushe kwa mkono kwanza. Baba alikuwa akizungusha mara tatu kwa mkono, kwa bismillahi, kabla ya kuwasha chochote."

"Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa na gundi hii, mchumba. Mjomba, washa!"

Shemeji akawasha. Sikufika kuvuta pumzi ya pili. Puli ikapasuka mara ya pili kwa kishindo kuliko ya kwanza, kipande kikaruka juu ya mabega ya mpwa, kikatua ndani ya sufuria ya uji. Tubwi!

Wifi yangu akachota kile kipande kwa kijiko, akakiinua juu ili wote wakione. "Mwanangu," akasema, "kila mwaka nakuomba mjukuu. Wewe unaniletea plastiki."

Hata shemeji alicheka. Mimi ndani nilijiziba mdomo kwa kitambaa, siku arubaini na moja baada ya kumzika mume wangu, na nikaona aibu, kisha nikakumbuka kwamba yeye angecheka kuliko sisi sote.

Walipokuwa wanacheka, binti yangu alikuwa ameshatoka. Nilimwona akiruka uwa. Kwa jirani yetu palikuwa na taksi iliyokufa zamani, ya marehemu mume wa jirani, imekaa chini bila magurudumu na nyasi zimeingia madirishani. Ilikuwa ya kabila moja na gari la shemeji ila imetangulia kuzaliwa, ya wakati ule walipokuwa bado wanatengeneza puli kwa chuma.

Nikamsikia jirani, "Chukua, mwanangu, chukua unachotaka. Lakini kwenye kiti cha dereva kuna anayeatamia. Usimwamshe."

"Sitamgusa, mama. Mimi nataka cha mbele tu."

"Na spana unazo?"

"Niazime ulizonazo."

Jirani alikuwa na spana mbili, moja imepinda. Kwa hizo mbili, kama alivyonieleza baadaye, binti yangu alipigana na bolti tatu zilizoshikwa na kutu. Ukisukuma bolti puli nayo inazunguka, kwa hiyo akaizungushia kipande cha mkanda wa zamani, akaukanyaga kwa mguu ili puli isimame, huku akimimina mafuta ya taa na kungoja. Hii ilikuwa njia ya baba yake; sijawahi kumwona fundi mwingine akifanya hivyo. Alipoteza muda mwingi. Shemeji alitazama saa, alitazama jua. Binti yangu aliporuka tena uwa, alikuwa na damu kwenye kifundo cha kidole na puli ya chuma mkononi, anaipangusa kwa ncha ya shuka lake.

Mara hii hakuomba ruhusa. Akaondoa mabaki ya plastiki, akaweka ile ya chuma. Matundu matatu yakalingana. Nikasema moyoni, alhamdulillahi. Akafunga, akavalisha mkanda, akazungusha kwa mkono mara tatu. Ikazunguka. Akamwambia baba yake mkubwa awashe.

Mkanda ukaanza kupiga kelele. Si ule mlio wa mbuzi, huu ulikuwa wa kisu kwenye sahani. Ukawa unapanda ukingo wa puli, unajikwaruza ubavu, vumbi jeusi linatoka. Binti yangu akapunga mikono, "Zima, zima, zima!"

Akazima. Aliyesikika sasa ni yule kuku wa kiti cha dereva, alikuwa ameamka.

Shemeji akashuka. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. "Basi, mwanangu. Umefanya uwezalo, Mungu atakulipa. Gari litabaki hapa mpaka hiyo puli ije. Sisi tutavuka kwa miguu, upande wa pili tutapata gari la abiria." Akamgeukia mpwa wake. "Tafuta mkokoteni. Sanduku tunakwenda nalo."

Mpwa akaanza kufungua kamba.

Sasa mimi. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimekanyaga cherehani ya miguu. Gurudumu chini, gurudumu juu, mkanda wa ngozi katikati. Naujua mkanda kama ninavyoujua mwendo wa mtu wa nyumbani. Yule anayetazama cherehani kwa mbele anaona magurudumu mawili ya duara, mazuri, hana habari. Ukitazama kwa ubavuni ndipo unapoona kama moja limetoka nje ya mstari wa mwenzake. Na wote pale uani walikuwa wamesimama mbele ya gari. Dirisha langu lilikuwa ubavuni mwake. Kwa tundu la pazia nilikuwa naona waziwazi: puli ya chuma ilikuwa imeingia ndani kuliko ile ya chini, kidogo tu, na mkanda unakwenda upande.

Ningeita? Mjane haiti. Nikagonga ubao wa dirisha kwa kastabini. Ko, ko, ko.

Binti yangu akaja, macho mekundu. "Nini, mama? Unataka maji?"

Nikamnong'oneza, "Puli yako haiko sawa na mwenzake. Imeingia ndani."

"Nimefunga mpaka mwisho, mama."

"Ndiyo maana. Imeingia kuliko inavyotakiwa. Chukua." Nikapitisha kidonge cha uzi mweupe chini ya pazia.

Akatazama ule uzi, akatazama upande wa wanaume. "Mama, uko eda."

"Mimi niko eda," nikamwambia. "Uzi hauko eda. Nenda."

Akacheka kidogo, akaenda. Akabana ncha ya uzi kwenye uso wa puli kubwa ya chini, akauvuta umenyooka hadi juu. Hapo akaona. Chini uzi umegusa chuma, juu umepita hewani. Kati yake na puli mpya unapitisha unene wa ukucha wa kidole gumba. Nilimwona akisimama hivyo, uzi mkononi, midomo inatembea, anahesabu. Alihitaji washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, za kuweka nyuma ya puli isogee nje, zote za unene mmoja, na bolti tatu ndefu kidogo kuliko zile. Vitu kama hivyo katika uwa wetu vilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya sanduku, na mpwa na mjomba wake walikuwa wameshalishusha chini, wanangoja mkokoteni.

Akafuta mikono. Akamwendea baba yake mkubwa, akainama kidogo kama inavyopasa.

"Baba Mkubwa, naomba kufungua sanduku."

Wifi yangu aliacha kusugua sufuria.

"Sanduku ni la binamu yako," akasema shemeji. "Mwambie akutolee."

Mpwa akafungua. Akainua trei ya kwanza, akaiweka. Akainua ya pili. Vyuma vikalia. Akashika kitu, akakitazama juu chini kama samaki asiyemjua. "Washa ndiyo zipi, zenye tundu?"

Binti yangu alikuwa amesharudi kwenye injini, kichwa ndani, anafungua bolti. Akajibu bila kugeuka. "Trei ya chini. Kuna makopo mawili ya maziwa. Chukua la kushoto, lenye kutu mdomoni."

"Hili?"

"Hilo lina misumari. Nasikia misumari. La kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa baba!"

Mpwa akaketi chini pale pale akacheka mpaka akashika tumbo. "Njoo mwenyewe, mchumba! Mimi hapa kama mgeni aliyeambiwa achinje ng'ombe."

Akaja. Akapiga magoti. Nilikuwa nikimtazama shemeji, si yeye, kwa hiyo naweza kuwaambia alichokiona, maana nilikiona usoni pake. Binti yangu alitia mkono ndani ya sanduku la baba yake huku macho yake yako kwenye gari, anafikiria. Mkono ulikwenda wenyewe. Ukatoka na kopo. Ukaingia, ukatoka na bolti tatu zilizofungwa kwa uzi, ndefu kama alivyotaka. Ukaingia tena, ukatoka na spana moja, na alipoijaribu kwenye bolti ilikuwa ndiyo, hakuirudisha kuchukua nyingine. Shemeji yangu alikuwa amesimama, mikono nyuma, macho yake yanaufuata mkono ule. Nadhani alikuwa anamwona ndugu yake.

Kazi iliyobaki haikuwa ndefu. Akaweka washa moja kila bolti, akafunga, akavuta uzi wangu. Ukagusa chini, ukagusa juu. Akazungusha kwa mkono: moja, mbili, tatu, na safari hii niliona midomo ya wote ikisema bismillahi, hata ya mpwa. Kisha akasema, "Washa, Baba Mkubwa."

Injini ikaitika. Hakuna mlio. Mkanda ukakaa katikati ya puli kana kwamba ulizaliwa pale. Shemeji akakata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, kwa kidole kimoja, kisha akaukata tena bila sababu yoyote, kama mtoto.

Nilitaka kupiga vigelegele. Mjane wa eda hapigi vigelegele. Niliuma pazia langu, na alama ya meno ipo hadi leo katika tarizi. Lakini jirani yangu wa Kisakalava, aliyekuwa ananing'inia kwenye uwa muda wote, hakuwa na eda. Akanipigia yeye, virefu vitatu.

Shemeji akashuka. Akafunga boneti kwa mkono wake. Akalitazama sanduku, ambalo bado lilikuwa wazi chini, trei huku na huku.

"Gari hili limetoka ugonjwani," akasema. "Halifai kubebeshwa mzigo. Sanduku lirudisheni bandani."

Wifi yangu, asiyejua kuficha maneno, akasema, "Kaka, kuja lilibeba magunia matatu ya mchele na halikusema kitu."

"Lilikuwa linalia. Wewe hukulisikia?"

"Sasa halilii."

"Basi lisije likaanza," akasema shemeji, na akaingia garini, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Hakusema kwamba desturi imebadilika. Hakusema kwamba binti ameshinda. Mtu mzima huacha mlango mdogo wa kupitia, na yeye alipita hapo na heshima yake yote.

Mpwa alikuwa wa kwanza kushika mkono wa sanduku. "Umeniokoa, mchumba," akamwambia binti yangu. "Ningeliuza kwa kilo." Wakalibeba wawili, wakipumzika njiani mara mbili. Pantoni waliiwahi, maji yakiwa yameanza kutoka.

Eda ilipokwisha, mimi na binti yangu tulikwenda Mahajanga kushukuru kwa hitima. Shemeji alitupokea Ampisikina, na kabla hatujapewa maji ya kunywa alifungua boneti pale njiani. Puli ilikuwa ile ile, nyeusi, imara. Alikuwa amewaita majirani. "Tazameni," akawaambia, "hii ni kazi ya mtoto wa marehemu ndugu yangu. Wa kike. Kwa uzi wa kushonea!" Mzee mmoja akauliza kama kweli. Mwingine akaleta gari lake. Kufikia alasiri palikuwa na magari manne mbele ya mlango, na binti yangu hakula mpaka magharibi. Mimi nilikula chakula changu chote na kuomba tena. Nilikaa kibarazani, katika mtaa niliouacha nikiwa na kitoto mgongoni, wanawake wanapita wananiuliza, "Yule fundi ni nani wako?" nami nawajibu kila mmoja, wala sikuchoka.

Banda la Andoany lipo. Sanduku limo. Hakuna aliyekuja tena kuliulizia.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Wifi yangu, ambaye bado yu hai na ana ulimi wake, ananiambia nimekosea mahali pawili: ati washa zilikuwa mbili kila bolti, si moja kama ninavyodai mimi, na ati aliyesema kwanza sanduku lirudi bandani ni mwanawe, shemeji akaafiki tu. Nilimwuliza binti yangu, akasema hajui, alikuwa anafuta spana. Mimi nimeandika kama nilivyoona kwa tundu la pazia, na tundu ni dogo. Ikiwa yuko mwingine aliyesikia habari hii kwa shemeji mwenyewe, kule Ampisikina, alipokuwa akiwaonyesha watu puli yake, basi anitumie neno. Nitakaporekebisha nitasema nimerekebishwa na nani, hata kama jina lake sitalitaja.